Kabla Hujaita Katapila Uwanjani

Mimi ni fundi mwashi, naishi Ng'ambo hapa Tabora mjini, na mwiko nimeushika tangu nilipomaliza darasa la saba. Nimejenga nyumba, madarasa, matangi ya maji, hata makaburi. Lakini kazi inayonikalisha chini kuandika ni jukwaa moja dogo la zege, ngazi saba tu, lililoko kwenye kiwanja cha mtaa nilikochezea mpira utotoni. Kamati ilipoitisha mkutano, neno lilikuwa limekwisha kupita: livunjwe, lijengwe jipya. Ramani ilikuwa mezani, katapila limeshaulizwa bei. Nikaomba nipewe siku tatu, nyundo na chaki. Siku tatu zilipokwisha, katapila halikuja.

Nayaandika haya kwa ajili ya mjumbe wa kamati, mwalimu wa michezo, diwani au fundi mwenzangu aliye na uwanja wa zamani unaopendwa na watu, na kila anakogeuka anaambiwa abomoe. Viwanja vya namna hiyo tunavyo vingi mikoani, vikubwa na vidogo. Aliyekuwa Kigoma tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Lake Tanganyika, anajua uwanja wa mkoani unaweza kubeba nini siku moja.

Mdogo wangu anafanya kazi Boston, Marekani. Mchezo mkubwa wa kule ni besiboli, na timu ya mji, Red Sox, inacheza katika uwanja uitwao Fenway Park, uliofunguliwa tarehe 20 Aprili 1912. Siku hiyohiyo mji wa Detroit nao ulifungua wa kwake, uliokuja kuitwa Tiger Stadium. Ni mapacha, basi. Mwaka 1999 njia zao zikaachana. Detroit walicheza mechi ya mwisho Septemba, wakahamia uwanja mpya, na ule wa zamani ukakaa bure miaka mpaka ukabomolewa kati ya 2008 na 2009. Boston nako mwaka huohuo kulitangazwa mpango wa kujenga Fenway mpya na kuuacha wa zamani. Mwaka 2002 wakaja wamiliki wapya. Wakamwita msanifu Janet Marie Smith, mama aliyesimamia ujenzi wa uwanja wa Baltimore uliofunguliwa 1992, wakaanza kuukarabati ule ule, kipande kwa kipande, kila majira ya baridi mchezo unapokuwa likizo. Iliwachukua takribani miaka kumi na dola zipatazo milioni 285. Leo Fenway una zaidi ya miaka mia moja na watu wanajaa. Kule Detroit, baada ya kubomoa, wakazi walikuwa wakiingia kwenye eneo lililobaki na mashine zao kufyeka nyasi, kwa kujitolea, kwa sababu ya mapenzi tu.

Nilimwambia mdogo wangu: usinipigie picha ya ule ukuta wao mrefu wa kijani. Nenda chini ya viti, unipigie nguzo zinapokutana na sakafu. Alinicheka, lakini akapiga. Nikaona nguzo za chuma zimepakwa rangi vizuri, zimesimama katikati ya watu. Anayekaa nyuma yake anaona nusu ya uwanja, na wameziacha. Picha hiyo ilinifundisha kwamba kukarabati si kuondoa kila kasoro. Ni kujua ipi inaua na ipi haiui.

Na inayoua viwanja si uzee. Ni maji. Rangi huja baadaye kumalizia, maana inaficha kazi ya maji mpaka siku kipande kinapodondoka.

Anza na watu

Usiende mara ya kwanza na kamati. Nenda peke yako siku ya mechi, na daftari. Tazama watu wanakaa wapi, wanaingilia wapi, watoto wanachungulia kutokea wapi. Mimi nilimkuta mzee mmoja ameketi ngazi ya tatu kutoka chini, fimbo katikati ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyekuja kulivunja?"

"Nimekuja kuliangalia kwanza."

"Basi kaa hapa. Na jua likishuka utajua kwa nini nakaa hapa."

Nikakaa. Saa kumi na moja jua lilikuwa mgongoni mwetu, na mwembe ulioko kona ya jukwaa ukatutupia kivuli. Wachezaji tuliwaona wazi, hakuna aliyeweka kiganja juu ya macho. Aliyejenga jukwaa lile, Mungu amrehemu popote alipo, aliuelekeza mgongo wake magharibi. Usiku nikaifungua ile ramani mpya. Jukwaa jipya lilikuwa limegeuzwa ili liwe karibu na barabara, likitazama magharibi. Maana yake kila mechi ya jioni, kuanzia saa kumi hadi filimbi ya mwisho, watu wote wangetazama jua. Na mwembe ulikuwa umechorewa alama ya kukatwa. Hilo peke yake lilitosha kuusimamisha mjadala, na sikulipata kwenye vipimo, nililipata kwa mzee.

Kwa hiyo gawa ukurasa wa daftari lako pande mbili. Upande mmoja andika vitu ambavyo ukivigusa, watu watasema uwanja wao umekufa. Upande wa pili andika vinavyowakera. Pale kwetu upande wa kwanza ulikuwa na mwembe, ngazi ya tatu na ubao wa magoli unaoning'inizwa namba kwa mkono. Upande wa pili: bati linalovuja, geti moja tu, vyoo. Boston, ubao wa kuandikia matokeo uliomo ndani ya ukuta wa kijani bado unabadilishwa namba kwa mkono hadi leo. Chicago, katika uwanja wa Wrigley Field uliofunguliwa 1914, ukuta umefunikwa na mmea unaotambaa uliopandwa 1937. Ukarabati wao mkubwa ulioanza mwishoni mwa 2014 uligusa karibu kila kitu, lakini mmea ukabaki.

Jambo moja lisikupite: ulizia mmiliki mapema. Viwanja vingi vya mikoani vinamilikiwa na CCM, vingine ni vya halmashauri, vya shule au vya taasisi. Usinunue hata mfuko mmoja wa saruji kabla ya kuwa na karatasi yenye saini inayosema nani ana haki ya kukuruhusu na nani atatunza baada yako.

Fuata maji

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana ndipo kazi ilipo.

Tabora mvua huanza Novemba na kuishia Aprili. Ukitaka kulijua jukwaa, lione likiwa limelowa. Mvua ikinyesha vaa koti, kaa chini ya jukwaa, tazama juu. Tone linapotua weka alama. Kisha panda juu uone limetokea wapi. Mara nyingi si hapo hapo juu yake. Maji huingia kwenye ungio kati ya ngazi na ngazi, yakatembea mita mbili ndani ya zege, ndipo yakatoka. Baada ya mvua tazama yanakosimama. Ngazi nzuri ina mwinamo mdogo kuelekea mbele. Ikiwa fundi wa zamani aliilaza kabisa au imezama katikati, utakuta dimbwi, na chini ya dimbwi utakuta ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Ndani ya zege kuna nondo. Zege likiwa zima, linailinda nondo isipate kutu. Maji na hewa vikipenya miaka mingi, ulinzi huo unakwisha na kutu inaanza. Na kutu huvimba: inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma zege kutoka ndani, mpaka ufa unajitokeza nje. Ufa huo ni rahisi kuutambua, unafuata mstari wa nondo, umenyooka kama umepigwa kwa rula, na mara nyingi una machozi ya rangi ya kahawia.

Usiuchanganye na ufa wa msingi. Ule huenda mshazari, kutoka kona ya dirisha au kona ya ukuta, na upande mmoja huwa mpana kuliko mwingine. Ukiuona huo uliza habari za udongo. Sehemu zetu za juu zina mchanga, hazina shida kubwa, lakini ukikuta jukwaa limejengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ujue chini yake kunavimba masika na kunapasuka kiangazi, kila mwaka. Bandika utepe wa jasi kukatiza ufa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino, uache masika moja ipite. Utepe ukikatika, ufa unatembea. Usipokatika, ufa ni wa zamani na umetulia, unaweza kuuziba kwa amani.

Sasa nyundo. Chukua ya kawaida, ya kilo moja hivi, usiwe na haraka. Anza ngazi ya chini upande wa kushoto, gonga kila baada ya kiganja kimoja, uende hadi mwisho, urudi. Zege zima linajibu kwa sauti kali, ngo, ngo, na nyundo inaruka mkononi. Zege lililoachana na nondo linajibu bu, kama unagonga mtungi uliopasuka, na nyundo hairuki. Ukisikia bu, zungushia chaki. Mimi nilifanya kazi hiyo alfajiri, kabla pikipiki na redio hazijaanza, maana sikio linahitaji utulivu. Kijana aliyekuwa ananisaidia siku ya kwanza alikuwa hasikii tofauti. Nikamwambia afumbe macho. Siku ya pili, kabla hata sijagonga mara ya tatu, akawa anasema, "Hapo, baba." Siku ya tatu jukwaa lote lilikuwa na michoro ya chaki. Nikaita kamati ije itazame kutokea katikati ya uwanja. Walitegemea kuona jukwaa jeupe lote. Walikuta michoro imejaa ngazi mbili za juu, chini ya bati linalovuja, na kona ya mwembe. Ngazi nne za chini zilikuwa karibu safi.

Picha hiyo ndiyo iliyoshinda mkutano. Mimi sikuongea sana.

Hata hivyo sikio la fundi lina mpaka wake. Jukwaa linabeba watu, na watu wanaoruka pamoja goli likiingia ni mzigo tofauti na watu waliokaa. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje apige hesabu za nguzo na boriti, akuandikie. Akikuambia msingi unazama upande mmoja, au nguzo zimeliwa mpaka hazibebi, msikilize, hata kama roho inauma. Kuna majukwaa ya kuvunja. Ninachokataa ni kuvunja kabla ya kugonga.

Kuliponya zege

Nilipokuwa kijana, bosi mmoja aliyekuwa na kazi kwenye jukwaa la uwanja mwingine alituambia tupige lipu juu ya nyufa, tusawazishe, tupake chokaa, kwa sababu kuna mgeni mkubwa anakuja Jumamosi. Tukafanya. Jumamosi likapendeza. Masika ya pili kipande kikubwa kama sinia kikadondoka kutoka chini ya jukwaa, mahali watoto hukaa kula miwa. Ilikuwa usiku, hakuna aliyeumia. Ile kazi ilikuwa ya mikono yangu na sijaisahau. Hata Wrigley Field, mwaka 2004, vipande vya zege vilidondoka kutoka jukwaa la juu, ikabidi watandaze nyavu chini yake na kukagua uwanja upya. Zege halijali uko Chicago au Tabora.

Njia sahihi ni ndefu kidogo. Kama unagusa boriti au ukingo wa ngazi unaobeba, weka mirunda kwanza, ikaze, usimruhusu mtu kupita chini. Kwa tindo na nyundo chimba ndani ya mduara wa chaki mpaka ufike kwenye zege zima, na usiishie usoni mwa nondo. Pita nyuma yake, vidole viweze kuizunguka, kama sentimita mbili hivi. Wengi huishia nusu, kutu ya nyuma inabaki na kazi inarudi. Kingo za shimo zikate wima, zisiwe zimelala kama sahani, kwa sababu kiraka chenye ukingo mwembamba hubanduka.

Sugua nondo kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Ikiwa imeliwa, ipime: ikiwa imepungua unene waziwazi, usiiamini, ongeza nyingine kando yake. Ile ya kuongeza ilale sambamba na nzima, urefu wa mara arobaini ya kipenyo chake kila upande. Kwa nondo ya milimita 12 hiyo ni kama sentimita 48. Fundi chuma akikuambia kwamba sentimita kumi zinatosha na waya wa kufungia, mshukuru na utafute mwingine.

Lowesha zege la zamani tangu jana yake. Zege kavu linakunywa maji ya kiraka na kukiacha na kiu. Asubuhi acha uso ukauke usiwe na maji yanayong'aa, paka uji mzito wa saruji kwa brashi, na kabla haujakauka jaza. Shimo la juu juu, saruji moja kwa mchanga tatu. Shimo refu, ongeza kokoto ndogo. Mchanga uoshwe. Maji kidogo, mchanganyiko ushikane ukiufinya mkononi, usichuruzike. Shindilia kwa mti, usipake tu kwa mwiko.

Kisha magunia. Funika kwa magunia yaliyolowa na uyaloweshe asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Hapa Tabora kuanzia Julai upepo ni mkavu, kiraka kisichofunikwa kinapasuka kabla ya jua kuchwa. Mimi nilimpa kazi hiyo mama mmoja anayeuza uji kando ya kiwanja, kwa malipo, kwa sababu alikuwa pale kila siku na ndoo yake. Hakukosa hata mara moja. Viraka vile nimevigonga tena mwaka jana: ngo.

Bati, mbao, mwembe

Paa la zamani linaweza kuwa na bati za asibesto, yale ya kijivu, mazito, yenye mawimbi makubwa, yaliyopendwa sana zamani. Usiyakate, usiyatoboe, usiyavunje, usimwache kijana ayarushe chini. Vumbi lake huingia kwenye mapafu na madhara yake hutokea miaka mingi baadaye. Waulize watu wa mazingira wa halmashauri utaratibu wa kuyaondoa na mahali pa kuyazika. Paa likiwa la bati la kawaida, kagua kwanza misumari. Kwetu bati lenyewe lilikuwa zima isipokuwa matatu. Lililovuja ni matundu ya misumari ambayo vifuniko vyake vya mpira vilikuwa vimekauka na kupasuka. Tukabadilisha misumari, tukaweka mfereji wa bati nyuma na bomba la kuteremsha maji mpaka kwenye mtaro. Kabla ya hapo maji ya paa zima yalikuwa yanamwagika kwenye ngazi ya saba kwa miaka yote hiyo, na kumbuka michoro ya chaki ilikuwa wapi.

Viti. Ngazi za chini zilikuwa na mbao za kukalia, mninga, zimekuwa nyeusi kwa jasho na vumbi. Kamati walitaka viti vya plastiki. Nikakwangua kipande cha mkono mmoja kwa randa, na mle ndani mti ulikuwa mwekundu kama siku ulipotoka porini, unanukia. Unyamwezi tunakaa juu ya hazina ya mninga, tunaitupa. Mchwa walikuwa wamekula ncha tu, pale mbao zilipogusa udongo. Tukakata ncha, tukaziinua juu ya vyuma zisiguse chini, tukapaka mafuta. Fenway wana viti vya mbao vya tangu 1934. Kila baada ya muda huvitoa, huziba zege chini yake lisipitishe maji, kisha huvirudisha palepale. Nilifurahi kusoma hivyo, nikaona tumefanya jambo moja bila kuonana.

Mwembe ulikuwa na kosa moja: mzizi wake umeinua kona ya jukwaa. Njia ya haraka ilikuwa shoka. Sisi tukakata jukwaa. Mita mbili za ngazi tatu za mwisho tukaziondoa, tukajenga ukingo mpya wa matofali ya kuchoma, nafasi ya mzizi ikabaki udongo. Tumepoteza viti kama kumi na viwili. Tumebaki na kivuli cha watu sitini.

Milango, vyoo, na mahali pa kupanua

Hapa sibembelezi. Uwanja wa zamani unaopendwa lakini wenye geti moja ni hatari. Bomoa ukuta wa uzio sehemu nyingine mbili uweke mageti yanayofunguka kuelekea nje, na mechi inapochezwa yasifungwe kwa kufuli, awepo mtu mwenye ufunguo amesimama hapo. Vyuma vya kushikilia kwenye ngazi viwe na urefu wa kiuno cha mtu mzima au zaidi, na uvitikise kwa nguvu zako zote kabla ya kuvisifu.

Vyoo vimalize kabla ya kufungua. Wrigley Field walipofungua msimu wa 2015 ukarabati ulikuwa katikati, sehemu ya viti haijakamilika na vyoo havitoshi, na foleni za usiku ule zilikuwa aibu. Watu wanasamehe kiti kibovu. Choo hawasamehi, na akina mama ndio wa kwanza kuacha kuja.

Ukikosa nafasi usikimbilie kubomoa. Tazama nje ya ukuta. Fenway imebanwa na mitaa pande zote, ikabidi tangu 2002 wafunge barabara moja siku za mechi, ikawa sehemu ya uwanja, watu wanakula na kutembea humo. Mwaka uliofuata wakaweka viti juu ya ule ukuta wa kijani wenye mita 11, mahali palipokuwa na wavu tu, na viti hivyo vikaanza kuingiza fedha. Sisi tuliomba njia ya nyuma ifungwe Jumamosi na Jumapili jioni. Mama lishe na wauza mishikaki wakahamia huko, wanalipa ushuru mdogo kwa kamati, na ushuru huo ndio unaonunua mafuta ya mbao na misumari. Kamati yenye chanzo kidogo cha kila wiki inatunza kuliko iliyopewa hundi kubwa mara moja.

Kazi yenyewe igawe kwa misimu. Ligi zetu hupumzika katikati ya mwaka, na hapo ndipo Tabora kuna ukavu. Wajapani walipokarabati uwanja wao wa Koshien, uliojengwa 1924, walifanya kazi majira ya baridi kati ya 2007 na 2010 ili mashindano ya shule ya Machi na Agosti yasikose nyumba. Kwetu kiangazi cha kwanza tulifanya paa na mifereji. Cha pili zege la ngazi za juu. Cha tatu mageti, vyoo na mbao. Hakuna mechi iliyohamishwa. Mtu akikuletea hesabu ya kujenga upya, mwombe aongeze ndani yake gharama ya kuzoa kifusi, kung'oa misingi ya zamani na mahali timu zitakapochezea muda wote huo, ndipo mlinganishe.

Rangi ni ya mwisho kabisa, baada ya masika moja kupita juu ya viraka. Mgeni mkubwa akija kabla ya hapo, ayaone magunia.

Na siku mvua ya kwanza ya Novemba itakapoanza baada ya kazi kwisha, acha ulichokuwa unafanya. Chukua daftari lile lile, nenda ukakae chini ya jukwaa, utazame juu. Mwaka wa kwanza mimi nilihesabu matone sehemu tatu. Mwaka wa pili moja, pale bati linapokutana na ukuta, nikaliziba kesho yake. Mzee wa ngazi ya tatu alinikuta nimekaa pale gizani na tochi, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nasubiri tone. Akakunja mwavuli wake, akaketi kando yangu, tukasubiri wote.